Nyota Tano kwa Chumba cha Saba

Sindo,
5 Machi 2025

Kwa Nyar Kuria, binti wa Wakuria, mke wa marehemu mwanangu,

Pokea salamu za heshima hapo ulipo, wewe pamoja na mjukuu wangu Irine. Sisi huku tunaendelea vyema kwa jumla. Mama mkwe wako Jedidah anasumbuliwa na magoti, nami nasumbuliwa na macho, lakini bado tunaamka na kufanya kazi. Nijulishe hali ya afya yako, na hususan kikohozi cha mtoto, kwa maana nilipowaacha kilikuwa kikali.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu tulikubaliana simu yako izimwe hadi siku ya kesi. Zaidi ya hayo, si vyema baba mkwe na mkazamwana kusemezana sikioni kama wanarika. Barua zetu zitabebwa na lori la Abdurahman, yule mwenye duka la jumla hapa Sindo, ambaye dada yake Sainab ndiye mwenye nyumba ya wageni uliyomo. Dereva wake huja huko Homa Bay kuchukua sukari na unga kila wiki.

Nakukumbusha lililo mbele yetu. Tarehe 24 Aprili mahakama ya Migori itasikiliza jinsi Chrispine alivyofukiwa katika shimo la dhahabu kule Masara. Wachimbaji wote waliokuwa juu siku ile wamenyamazishwa. Umebaki wewe, uliyekuwa ukiuza uji mdomoni mwa shimo, uliyesikia kwa masikio yako mwanangu akimwambia mwenye shimo kwamba magogo ya kuzuia udongo yameoza, na mwenye shimo akimjibu ateremke au aache kazi. Bila neno lako itaandikwa kwamba Chrispine alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Ndiyo sababu nikakuficha mbali na Masara, mahali ambapo watu wa yule bwana hawakujui.

Kuhusu hofu yako ya kupigwa picha ya kitambulisho, naomba uitulize. Nyumba ile hupokea wageni kwa programu tumishi ya simu, nami niliisajili mwenyewe katika simu yangu mpya. Ina kufuli. Ina nywila. Haifunguki bila kidole changu. Yanayoandikwa humo hukaa kama faili katika kabati la ofisi, na anayeyaona ni mhusika na meneja tu.

Wala hawakosi adabu. Nilipofika nyumbani, baada ya kulala kule usiku ule mmoja, programu ilinitumia swali: je, ulihudumiwaje? Nafasi ya kujibu ilikuwa pana. Nikawaandikia uongozi shukrani rasmi yenye maelezo kamili, ili wajue wanamhudumia nani na wamtunze ipasavyo. Niliwapa nyota tano.

Ndimi wako katika msiba na katika tumaini,
Baba mkwe


Homa Bay,
12 Machi 2025

Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mwambie Mama aache kupiga magoti shambani, atumie jembe la mpini mrefu. Mimi niko sawa. Irine bado anakohoa usiku, mchana anacheza. Dirisha letu linaangalia ziwa na upepo unaingia kwenye nyufa, nimeziba na leso.

Mama Sainab ni mtu mzuri. Yuko kwa mfungo, lakini jua likizama hali kabla hajatuletea sambusa na uji. Anasema Chrispine alikuwa akimbebea mizigo zamani akiwa kijana. Hakuna siku amenidai niongee.

Ile app bado hainikai vizuri, Baba. Okari wa mapokezi alipiga picha ya kitambulisho changu mbele na nyuma, halafu uso. Nikamuuliza, "Hizi picha zinaenda wapi?"

Akasema, "Kwa sistimu, mama."

"Na sistimu iko wapi?"

Akaangalia dari. Nikamwambia, "Basi iko kwa popo." Akacheka, lakini picha alikuwa ameshatuma.

Wageni wengine wana akili kuliko sisi. Mwalimu wa chumba cha tano amejiandikisha kwa jina la shemeji yake. Wafanyabiashara wa samaki wanatoa namba za simu ambazo hazishiki. Okari anajua, na ananyamaza. Kule Masara mtu anayenunua dhahabu hakuulizi jina la pili, na hiyo ndiyo ilikuwa inatufanya tulale.

Nilimuuliza Mama Sainab kama alifurahia zile shukrani zako. Anasema hajaona barua yoyote. App ililetwa na mwanawe Abdirahim, anayekaa Nairobi. Pengine zimeenda kwake.

Mwanao,
Nyangi


Sindo,
17 Machi 2025

Kwa Nyar Kuria,

Nimeipokea barua yako salama, ikinukia sukari guru. Mama Jedidah anashukuru kwa ushauri wa mpini na anasema wewe ndiwe uje uushike. Tumefurahi kusikia mtoto anacheza.

Kwamba Mama Sainab hajayaona maandishi yangu lisikutie shaka. Hilo linathibitisha usiri wake. Ikiwa hata mwenye nyumba hawezi kuyafikia bila idhini, mpita njia atayafikiaje?

Siwasifu hao wanaojiandikisha kwa majina ya shemeji zao. Tangu nianze kuwaandikia wavuvi wa hapa malalamiko yao, bila shule ila ile niliyojifundisha, sijaona ombi likisikilizwa bila kutaja jina kamili, namba ya kitambulisho, kata, na chifu. Mtu asiyejitaja hana dai. Mwenye haki hujitaja kikamilifu, na hivyo ndivyo ninavyokutaja popote ninapokutaja.

Tuzungumzie mahakama. Utakapoitwa, simama wima, umwite hakimu Mheshimiwa, na usijibu kwa kichwa. Usiseme "alimwambia aende tu." Sema: "Mwenye shimo alimwamuru marehemu ateremke ilhali alikwisha kuarifiwa juu ya hatari." Jifunze sentensi hiyo hadi ikutoke kinywani bila kukwama. Wakili wao atataka uonekane muuza uji asiyejua alichosikia. Tutamwonyesha kwamba muuza uji anajua.

Nimemwota Chrispine akiwa amevaa shati lile la harusi. Alikuwa amesimama tu. Nimekutajia hili ili ujue kwamba anangoja.

Baba mkwe


Homa Bay,
30 Machi 2025

Baba,

Natumai wewe na Mama mko wazima. Mimi sijui niseme niko aje.

Jana mchana nilikuwa chini jikoni nikimchemshia Irine maji ya tangawizi. Kijana akaingia sehemu ya chakula, kofia ya njano. Nilimjua kabla hajaketi. Ni karani wa shimo, yule aliyekuwa akipima mawe kwa mizani. Akaagiza chai, mchana wa mfungo, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa akila.

Akasema, "Shemeji, habari ya siku nyingi."

Nikamwambia, "Mimi si shemeji yako. Umenifananisha."

"Nyangi wa Ntimaru, nikufananishe?" Akakoroga chai. "Kikohozi cha mtoto kimepungua? Nyinyi mna chumba cha juu, kile cha saba. Dirisha la ziwani linaleta baridi. Mngeomba cha upande wa barabara."

Baba, mimi hapa sijamwambia mtu nyumbani kwetu ni Ntimaru. Hata Mama Sainab hajui. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia hayo yote.

Akasema, "Ni mtu anayekupenda sana." Akacheka peke yake kama mtu aliyekumbuka kitu kizuri. Akaacha kikombe kikiwa kimejaa, akasema atarudi na karatasi kidogo ya kusainiwa, nisijisumbue kuhama kwa sababu nchi hii ni ndogo.

Nimefikiria usiku wote. Ni app, Baba. Wameingia kwa ile sistimu wakachukua kitambulisho. Au kuna mtu hapa ameuza. Mimi nataka kutoka leo. Mama Sainab anasema ana binamu Kisumu, Fardowsa, ambaye anaweza kunipokea bila simu, bila picha, bila jina. Nipe ruhusa tu. Sitaki usikie nimehama ukafikiri nimetoroka kesi. Neno langu bado ninalo.

Mwanao,
Nyangi


Sindo,
2 Aprili 2025

Kwa Nyar Kuria,

Salamu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na Mama yako Jedidah hajala tangu nimsomee.

Umefanya vyema kumkana. Ila naomba usihame. Shahidi anayehamahama huonekana mbele ya sheria kama mtu anayeikwepa haki, na wakili wao atalitumia hilo. Zaidi ya yote, ukitoka hapo tutapoteza ushahidi wa kosa lililotendeka ndani ya nyumba hiyo. Kosa kubwa limetendeka. Mtu amevunja siri ya mgeni.

Sikukaa kimya. Leo hii nimemwandikia Mama Sainab malalamiko rasmi ya kurasa tatu, nakala kwa ofisi ya kaunti inayohusika na leseni za nyumba za wageni, nakala kwa kamishna wa ulinzi wa data, nakala kwa Abdirahim mwanawe. Nimeeleza kwamba taarifa za siri za mteja, zikiwemo asili yake, chumba chake, na hali ya afya ya mtoto wake, zimeuzwa kwa wahalifu. Nimemtaja Okari wa mapokezi kuwa mshukiwa wa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga picha na yeye ndiye ajuaye vyumba. Nimedai achukuliwe hatua ndani ya siku saba. Kijana anayetazama dari akiulizwa swali la maana ana la kuficha.

Waraka ule nimeuandika kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia. Watu wawili pale dukani kwa Abdurahman waliusoma na kusema hata wakili asingeweza.

Kaa ndani. Usifungue mlango. Ngoja jibu la malalamiko.

Baba mkwe


Homa Bay,
16 Aprili 2025

Baba,

Msalimie Mama.

Barua yako ya kurasa tatu ilifika. Mama Sainab aliposoma neno kaunti na neno leseni aliikunja barua asiimalize. Yeye si mtu wa karatasi. Akamwita Okari, akamwambia achukue nguo zake. Okari ana watoto wanne huko Kisii na mke mjamzito. Hakubisha. Alipanda hadi mlangoni kwangu akiwa na mfuko wa plastiki mkononi, akaniambia, "Mama, mimi sikukuuza. Nilikuwa sijui nikuonyeshe au ninyamaze. Tazama."

Akafungua ile app kwa simu yake. Hakuweka nywila. Hakuweka kidole. Akaandika tu jina la nyumba hii, na zikatokea picha za vyumba, bei, na chini yake maneno ya wageni. Mmoja amesema maji ya moto hayatoshi. Mwingine amesema samaki ni mtamu. Na katikati yake, marefu kuliko yote, ni ya kwako. Nimeyanakili kama yalivyo ili tusibishane:

"KWA MENEJA MHESHIMIWA. YAH: SHUKRANI KWA KUMHIFADHI MKAZAMWANA WANGU. Mimi, Jared Odhiambo, mkazi wa Sindo, kwa heshima na taadhima natoa shukrani kwa huduma bora mliyotupatia. Nauomba uongozi umtunze Nyangi, mwenye kitambulisho namba" — hapa namba yangu yote ipo, Baba, mimi siirudii — "mzaliwa wa Ntimaru, ambako mamaye ni muuza ndizi sokoni, mjane wa marehemu mwanangu Chrispine aliyefukiwa shimoni Masara. Yumo chumba cha saba, ghorofani, chenye dirisha la ziwani, pamoja na mtoto mwenye kikohozi. Yeye ndiye shahidi wa pekee katika kesi itakayosikilizwa Migori tarehe 24 Aprili. Kwa hiyo kuwepo kwake hapo ni siri, na uongozi unaombwa kuitunza siri hiyo kikamilifu."

Halafu nyota tano.

Chini yake app imeandika kwamba watu thelathini na mmoja wamesema maoni haya yamewasaidia.

Nilimuuliza Okari kama wewe ungeweza kujua kwamba kila mtu anasoma. Akasema, "Wazee wengi wanadhani ni kisanduku cha maoni, kile cha kufuli kinachowekwa hospitalini. Mmoja wa Mbita aliandika hapo kuhusu bawasiri zake." Hata yeye alitaka kunichekesha. Sikuweza.

Karani alirudi siku iliyofuata na mwanamume mwingine mwenye suti. Hawakunipiga. Hawakunitukana. Karani alinisomea maneno yako kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma kanisani. Alisema huwa anakuja Homa Bay kwa shughuli za mwenye shimo, na alikuwa tu akitafuta mahali pa kulala. "Huyu mzee anaandika," akasema. "Ametufanyia kazi yote." Mwenye suti akatoa karatasi. Jina langu, namba yangu, kijiji changu, vyote vilikuwa vimeshapigwa chapa. Imeandikwa kwamba siku ile sikuwa karibu na shimo na sikusikia mtu yeyote akisema lolote. Halafu akaniuliza mama yangu huwa anafunga biashara saa ngapi pale sokoni.

Nimesaini.

Ile sentensi yako nilikuwa nimeshaijua. Nilikuwa naisema nikifua, naisema nikimlaza mtoto. Chrispine alistahili niiseme mbele ya hakimu. Tarehe thelathini Machi nilikuwa bado na nafasi ya kwenda Kisumu nikiwa na neno langu, nikakuomba ruhusa kwa sababu wewe ni baba yake. Ukaniambia ningoje jibu la malalamiko.

Niliogopa simu, Baba. Sikujua ni wewe ninayepaswa kumwogopa.

Sisemi ulitaka mabaya. Ungekuwa ulitaka mabaya, ningejua la kufanya na hasira yangu.

Nikimaliza kuandika hii naondoka na Irine. Usimuulize Mama Sainab nimeenda wapi, nimemwomba asijue. Na tafadhali, usimwandikie mtu yeyote kuhusu jambo hili. Mtu yeyote.

Nyangi


Sindo,
27 Aprili 2025

Nyangi, mwanangu,

Barua hii nampa Abdurahman, ambaye anasema atampa dada yake, ambaye anasema hajui ulipo. Naiandika hata hivyo.

Nilikwenda Migori. Kesi yetu iliitwa baada ya kesi ya ng'ombe. Walisoma karatasi yako. Nilisimama na kusema kwamba ilisainiwa kwa vitisho. Hakimu akaniuliza nitathibitishaje. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuthibitisha kwamba walijua ulipo, nacho kilikuwa ndani ya simu yangu. Nikampa karani wa mahakama. Hakimu akasoma hadi mwisho. Akasoma tena. Akasema, "Mzee, haya ni maoni kuhusu chumba cha kulala wageni." Watu wakacheka, si kwa ubaya, ni vile watu hucheka wakichoka kungoja. Yule wa kofia ya njano hakucheka. Alinitazama kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Wameandika kwamba marehemu aliteremka kwa hiari yake. Faili imefungwa.

Nimejaribu kuyafuta yale maneno. Programu iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikasema ombi langu litakaguliwa. Bado yapo. Jana yalikuwa yamewasaidia watu arobaini.

Nilipita Homa Bay kumwomba Mama Sainab amrudishe Okari. Alinipa maji ya kunywa, akaniambia mahali pake ameshaajiri mtu. Nilimkuta Okari kituo cha magari akibeba mizigo ya watu. Nilimwomba msamaha. Akasema ni sawa, mzee. Akaniuliza kama naweza kumwandikia barua ya kuomba kazi, kwa sababu yeye hajui kupanga maneno kama mimi. Nilimwambia macho yangu yameharibika.

Mama yako Jedidah hazungumzi nami. Anaweka chakula na kuondoka. Wavuvi waliokuja na malalamiko yao ya nyavu nimewarudisha.

Juzi mvua kubwa ilinyesha huku. Upepo umeufungua mlango wa nyumba yenu, wewe na Chrispine, na sasa unapigapiga usiku kucha. Maji yanaingia hadi kitandani, nayaona kutoka nje. Wewe umeolewa kwetu, unajua kwamba baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata akiwa amekufa. Jedidah magoti hayampandishi ngazi ile. Nimesimama uani asubuhi mbili mfululizo nikiutazama.

Njoo uufunge. Kama huwezi kuja, tuma mtu. Mtu yeyote wa kwenu, sitamuuliza jina.

Baba